Bawabu wa Sehemu ya Pili

Cheka, fundi, cheka mpaka magego yapate hewa. Watu wa siku hizi mkishajua kufungua skrubu nne mnadhani mmefungua na mbingu. Nimekuambia hii televisheni ina mtu ndani, ukaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa wa homa anayezungumza na ukuta. "Bibi, humu hamna mtu, mna vumbi na waya." Sawa. Basi kaa kwenye hicho kiti, ushike hiyo padi ya gemu uliyomtoa binti yangu mikononi, usiiweke chini, nikueleze vumbi na waya vilifanya nini. Ukishasikia mpaka mwisho ndipo uniite mwongo. Wakunga hawatukanwi na uzazi ungalipo, na wewe bado hujatoka leba.

Kabla sijaanza, angalia ule waya wa umeme. Mwisho wake uko wapi? Uko sakafuni, haujachomekwa popote. Niliuchomoa mimi mwenyewe Jumatatu ya wiki iliyopita. Liweke hilo kichwani.

Humu walikaa watu wawili. Mke ni mshonaji, ndiye huyo binti yangu uliyemwona akitoka sasa hivi, vidole vimekunjamana kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Cherehani yake ile pale dirishani, na zile sketi zinazoning'inia ni sare za shule ambazo wenyewe wamezidai mpaka wakanyamaza. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Anaondoka wiki mbili, anarudi siku tatu, na hizo siku tatu anazimalizia kwenye hicho kiti ulichokalia, akicheza gemu. Sikumlaumu. Mwanamume aliyeendesha lori siku kumi na nne, akifika nyumbani anataka kuendesha kitu kisichopata pancha.

Gemu lenyewe lilikuwa la watu wa kale, watu wa ngome na farasi, wanaovaa vyuma mwili mzima na kukatana kwa panga baada ya kuongea kwanza nusu saa. Tarishi mmoja amebeba barua ya mfalme iliyofungwa kwa lakiri, anapita nchi yenye vita na tauni, na pembeni yake yupo msichana mwenye kitambaa chekundu shingoni anayemshikia farasi hatamu. Walijificha kwenye majani marefu, walilala kwenye mazizi, na huyo msichana alimwokoa tarishi mara nyingi kuliko mke anavyomwokoa mume mlevi.

Tatizo lilikuwa moja. Gemu lilisema lugha ya kigeni, kwa mdomo na kwa maandishi. Dereva alijua ya kusomea vibao vya barabarani tu. Mshonaji naye alisoma kama nilivyosoma mimi, shule ya msingi, na vipindi vya lugha hiyo alivitumia kufuma vitambaa chini ya dawati. Lakini siku ya kwanza mume alipouliza, "Wanasemaje hao?" akajibu. Angeweza kusema sijui. Neno fupi, halilipiwi ushuru. Hakulisema. Aliinamia cherehani yake, pini amezibana midomoni kama walivyo washonaji wote, akatunga.

"Anasema daraja limevunjwa, wapite mtoni."

"Na huyu mwenye ndevu?"

"Mjomba wake. Amemficha urithi."

Mume aliamini kila neno. Na kwa kuwa binti yangu ana kipaji cha uongo, ambacho nakiri hakukirithi kwa baba yake, hadithi ilikwenda vizuri mwaka mzima. Walicheka nayo, waligombana kwa ajili yake, kuna siku nilikuta dereva anamlilia farasi.

Sehemu ya kwanza iliishia langoni. Lango la chuma, refu, limezungukwa na ukungu, na mbele yake amesimama bawabu aliyevaa chuma toka utosini hadi unyayoni, kofia yake haina hata tundu la jicho. Bawabu akasema jambo refu, polepole. Kisha kwenye kioo yakaja majibu mawili ya kuchagua, moja juu, moja chini.

"Anasemaje?" dereva akauliza.

Mshonaji alikuwa anakunja upindo, hata kichwa hakuinua. "Anauliza kama umechoka," akasema kwa midomo yenye pini. "Bonyeza la juu."

Akabonyeza. Lango likafunguka, tarishi akaingia na farasi wake, muziki ukalia. Ila msichana wa kitambaa chekundu hakuingia. Alibaki nje, bawabu akamwekea mkono begani, naye akageuka. Hakumgeukia tarishi. Aliwageukia wao wawili, waliokaa humu ndani na sahani zao mapajani.

"Mbona huyu haingii?"

"Ameambiwa apumzike," mshonaji akasema, na mambo yakaishia hapo.

Alichouliza bawabu nilikuja kusomewa juzi na mtu anayeijua lugha ile. Alisema hivi: mlinzi wa lango hili haondoki mpaka apate wa kushika zamu yake, je, unamwacha huyu uliye naye? Jibu la juu lilikuwa ndiyo.

Ikapita miaka miwili. Ndipo dereva akarudi safari, saa nane mchana, jua la kupasua mawe, ameikumbatia sehemu ya pili ndani ya shati kama mtu aliyeiba yai. Hakuoga. Hakula. Mkewe alimsogezea maji, akayaruka. Mashine ya gemu ikamuuliza kama anataka kuendelea pale alipoishia zamani, maana kumbukumbu zake zote ilikuwa imezitunza, akakubali, akajitupa kitini.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Harufu. Chumba kilianza kunuka kisu kilicholala ndani ya maji, na nyuma ya harufu hiyo, jasho la mnyama mkubwa. Mshonaji akanusa mafuta ya cherehani. Akanusa viatu vya mumewe, ambavyo alikuwa na sababu zake za kuvinusa. Haikuwa hivyo.

Kwenye kioo hapakuwa na ikulu wala vita, palikuwa na lile lango, kwa nje, mvua inanyesha. Bawabu amesimama. Chuma kilekile, kofia ileile isiyo na macho, ila mabega yalikuwa madogo, na shingoni kimefungwa kitambaa chekundu.

"Mke wangu, si yule wetu huyu?" dereva akasema. "Kumbe walimwajiri."

Bawabu akainua kichwa, akasema kwa Kiswahili.

"Umechoka?"

Dereva alifurahi kama mtoto. "Hii imewekewa Kiswahili! Leo umeachishwa kazi, mama, kashone."

Mshonaji hakucheka. Mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye pedali. Sauti ile ilikuwa yake. Usiniulize kama ilifanana, mtu anaijua sauti yake. Ilikuwa yake yenyewe, na ilikuwa na pini midomoni, yale maneno ya kubana meno yasidondoshe kitu. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kisponji chake, mdomo ukabaki mtupu, na kile kioo kikauliza tena kwa mdomo wenye pini.

"Umechoka?"

"Zima," akanong'ona.

"Nizime nini, ndiyo kwanza naanza."

"Zima, mume wangu, nakuomba."

"Acha wivu. Mwanamke wa kwenye televisheni ananiuliza kama nimechoka. Wewe nimeingia na vumbi la nchi tatu, umeniuliza?"

Kisha akanyoosha miguu, akaegemea, akaijibu televisheni kwa adabu, kama anayemjibu jirani mwema. "Nimechoka, dada yangu. Nimechoka mpaka ndani ya mifupa."

Kule kwenye kioo yule bawabu mdogo akavua kofia. Alikuwa ni yule msichana, amezeeka. Akafungua kitambaa chake, akakiweka chini kwenye matope, akaondoka zake mvuani bila kugeuka, na lango likabaki halina mtu kwa muda wa kuhesabu tatu. Halafu likawa na mtu.

Dereva hakuinuka tena kwenye hicho kiti.

Siku ya kwanza mkewe alidhani amenogewa. Siku ya pili alidhani amekasirika, maana wanaume wakinuna hukaa hivyohivyo. Siku ya tatu alijaribu kumfungua vidole kwenye padi, akasikia kidole gumba kinalia kama kijiti kikavu na mtu mwenyewe hata hakupepesa jicho, ndipo alipokumbuka kuwa ana mama.

Nilikuja na kikapu changu. Nilimkuta mkwe wangu amekaa wima, macho wazi, ngozi ya rangi ya sufuria iliyosuguliwa, baridi kama kifuniko chake, na nilipoweka sikio kifuani sikusikia moyo, nilisikia mvua. Mvua, fundi, na nje ni mchana wa jua, watu wanaanika nguo. Kwenye kioo pale alikuwepo bawabu, na chuma chake kilikuwa kimetuna tumboni, maana mkwe wangu hakuwa mtu wa kujinyima, na huyo bawabu alikuwa anatikisa mguu wa kushoto kama dereva anavyotikisa mguu akisubiri foleni isogee. Nikauchomoa waya. Kioo hakikuzimika. Nikaufuata waya kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho nihakikishe sichomoi wa pasi, nikaukuta ni wenyewe, na mvua inaendelea kunyesha mle ndani, na harufu ya chuma imeshaingia hata kwenye mate yangu, na nyuma yangu cherehani ikaanza kwenda, pedali inapanda na kushuka bila mguu, taka-taka-tak, taka-taka-tak, si mwendo wa kushona bali mwendo wa farasi anayekuja kwenye sakafu ya mawe, anakuja kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi, mpaka nikaona zile sketi ukutani zinapepea kama zimepitwa na kitu kirefu chenye pumzi, na pumzi hiyo ikanitua hapa shingoni, ya moto, yenye majani, na televisheni ikaniuliza kwa sauti ya mwanangu, yenye pini, "Mama, umechoka?"

Nikaijibu, "Sijachoka. Nimezaa sita, nimezika mume na ng'ombe, sijachoka. Uliza mwingine."

Cherehani ikasimama palepale. Tangu siku hiyo neno hilo, kwa upande wangu, sijalikubali ndani ya chumba hiki hata pale magoti yalipokuwa yanalia. Sikiliza vizuri usimulizi wangu utaona.

Tulimleta mganga. Si wale wa kelele. Huyu ni mtu mzima mwenye mkoba mmoja, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Aliingia peke yake, akafukiza, akasoma yake. Tulisikia anaulizwa. Alipotoka, mkoba aliuacha ndani na hakutaka kuurudia, akatuvuta hadi mwisho wa ukumbi pale penye ndoo.

"Huyo ni jini wa zamu," akanong'ona. "Si wa kufukuzwa. Ni mzee kuliko hizo televisheni, husimama kwenye lango lolote ambalo mtu ameachwa kwa uongo. Hali mtu. Hamuui. Anamweka tu asimame."

"Mpaka lini?" mwanangu akauliza.

"Mpaka apatikane wa kumpokea. Mambo ni mawili, mama, na yote mawili lazima yatimie. Mmoja aishike ile padi kwa mkono wake kwa hiari. Na akiwa ameishika, aulizwe kama amechoka, akubali kwa mdomo wake."

"Nani wa kumuuliza?"

"Yeyote. Yeye huuliza, lakini hata mtu akiuliza, inatosha."

"Na anayesimama pale anajua?" mwanangu akasema. "Anatuona?"

Mganga akamtazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Anaona sebule yote. Hiyo ndiyo kazi ya bawabu."

Alipoondoka nilimkalisha binti yangu hapo jikoni nikamwambia ukweli, maana mama asiposema nani aseme. Nikamwambia, mwache. Mkwe ni mkwe, kachumbari haiwi mboga. Nikamwambia, una mume hanywi, hatoki usiku, hali chakula chako, hajibu, unajua unapomwacha ndipo utakapomkuta. Wangapi wana mume wa hivyo? Akanitazama kama mimi ndiye niliyefunga lile lango.

"Ni mimi niliyemwambia abonyeze la juu," akasema.

"Alibonyeza kwa kidole chake."

"Mama, sikujua kusoma na nikasema najua."

"Ungefungwa kwa hilo, nchi nzima ingekuwa jela."

Haikusaidia. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kununua mkaa. Niliporudi, kwenye ngazi nilipishana na mkwe wangu. Anashuka, mwepesi, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Nikamwita. Nikamwambia, mkeo yuko wapi? Akanijibu bila kusimama, "Nimetoka, mama." Hilo tu. Hakuuliza nani amebaki. Alitembea hadi barabarani, akapanda lori la mtu mwingine, na mpaka leo hii hatujapata hata salamu. Yaani yule msichana wa kwenye kioo na yeye, mwendo mmoja. Wakitoka hawageuki.

Nikapanda ngazi mbilimbili, na umri huu. Mwanangu alikuwa hapo ulipo wewe. Wima, mikono kwenye padi. Machozi yalikuwa yamefika nusu ya shavu, yakasimama hapo, hayashuki. Na kwenye kioo, langoni, bawabu mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi ya wiki iliyopita. Tangu hapo nimelala mlangoni. Nimemlisha uji unaotoka ulivyoingia. Kila mchana cherehani inaenda mwendo wa farasi, na sauti yake inaniuliza kama nimechoka, na mimi nasema sijachoka, kisha namfuta yale machozi kwa kona ya kanga, na yanarudi palepale. Nilitaka kuishika mimi padi hiyo, usidhani sikutaka. Niliishika. Mdomo ulipoulizwa, ulikataa. Nimeusomesha mdomo huu miaka sabini usikubali, na siku niliyoutaka ukubali, ukaniangusha, na padi ikarudi mikononi mwake. Basi nikasema, wapo wengine wenye midomo milaini.

Ndipo nilipokumbuka kuwa mafundi wapo.

Ulivyoingia ulikuja unapiga mluzi. Nilikuambia mwanangu ameganda na hiyo padi, ukacheka, ukasema, "Imepakwa gundi, dada?" ukaitoa mikononi mwake kama unavyomtoa mtoto kijiko. Kwa hiari yako. Mimi sikukusukuma. Alisimama, umemwona, akaenda ukumbini akishika ukuta. Anaweza kutembea. Ila vidole bado vimekunjamana, na hivyo ndivyo ninavyojua kuwa lango bado linamshikilia, kwa sababu yametimia nusu tu.

Mbona sasa hucheki?

Jaribu kuiweka chini kama hupendi. Ah. Ukubwa wa mtu na kidude kidogo hivyo. Usihangaike, inaganda polepole kwa anayesikiliza, wala hutavunjika kidole kwa sasa. Na usinikodolee, mimi naongea tu, mwanamke mzee, vumbi na waya. Si uongo wote huu? Wewe mwenyewe umesema.

Shati lako lina alama ya maziwa hapo begani. Nimeiona tangu ulipoingia. Una mtoto mdogo? Wa miezi mingapi? Saba. Na wakubwa wawili. Mungu awakuze. Wa miezi saba hawalali, nawajua, wanafanya usiku kuwa mchana, na baba anaamka alfajiri kwenda kufungua vifuniko vya televisheni za watu. Macho yako mekundu, mwanangu. Hata hicho kiti kimekupokea vizuri, umekiegemea bila kujijua. Mimi mtu mzima nakuona, na nakuuliza kwa huruma, kama angekuuliza mama yako.

Umechoka, baba?

Haya. Umesema mwenyewe. Na umesema ukitabasamu, hata dereva alitabasamu.

Unasikia huko ukumbini? Huyo ni mwanangu. Anasema, "Mama, vimefunguka." Kumi vyote. Nimesikia.

Usiite, sauti haitoki. Angalia mbele, kioo kimeshawaka, na waya uko palepale sakafuni kama nilivyokuonyesha. Mvua inanyesha huko, utazoea. Mkeo akija kukutafuta nitamwelekeza mlango, hiyo naahidi, na utamwona vizuri tu akiingia na mtoto mgongoni. Yeye mwenye kuuliza atatumia sauti yako safari hii. Mwenye mtoto wa miezi saba hata hataulizwa mara mbili.

Mkasi wa mwanangu nauchukua, ni mzuri. Sketi zibaki.

Binti yangu, tangulia, shika ukuta, usigeuke. Mimi nafunga mlango.